Nani Alimvusha Vasco da Gama?

Muulize mtu wa pwani ni nani aliyemwonyesha Vasco da Gama njia ya kwenda India, na mara nyingi jibu litakuja bila kusita: Ahmad bin Majid, rubani mashuhuri wa Kiarabu. Utalisikia barazani, utalisikia redioni, utalisikia kwa wanaowatembeza watalii pale kwenye nguzo ya da Gama, Malindi. Wengine huongeza kwamba Wareno walimlewesha mpaka akatoa siri ya bahari. Kuna wanaomsifu kwa ujuzi wake, na kuna wanaomlaani kwa kuwafungulia mlango watu waliokuja kutuchomea miji. Vitabu vya shule navyo vina yake: da Gama "aligundua" njia ya bahari, Mombasa ikamfanyia hiana, Malindi ikampokea kwa mapenzi na kumpa rubani.

Habari hii nimeisoma miaka mingi, kwa kuwa mimi ni mtu wa mwambao huu na inanihusu. Kadiri nilivyoisoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba hadithi zote mbili, ya kwao na ya kwetu, zimemfukia mtu yule yule. Yupo mtu aliyeziongoza merikebu za Wareno kutoka Malindi hadi Calicut, bandari ya India. Hadithi ya kwao imemfanya mtumishi asiye na umuhimu. Hadithi ya kwetu imemvua nafasi yake na kumpa mtu mwingine, mashuhuri zaidi. Nataka kumfukua kwa kadiri ushahidi unavyoruhusu, na nisimwongezee hata shubiri moja.

Shahidi mkuu wa safari ile ni daftari la Mreno mmoja aliyekuwemo chomboni. Jina lake hakuliandika. Wengi wanadhani ni Álvaro Velho. Nakala ya daftari hilo ilipatikana Porto na kuchapishwa mwaka 1838. Ni mtu wa Ureno ya karne ya 15, mwenye chuki zake juu ya Waislamu ambazo hajishughulishi kuzificha, na lazima asomwe kwa tahadhari. Hata hivyo sijaona maandishi yanayoivunja hadithi ya "ugunduzi" kama yanavyoivunja maandishi yake yeye, maana aliandika aliyoyaona kabla watu wa Lisbon hawajaamua safari ile iwe na maana gani.

Kwanza nimpe da Gama haki yake. Alitoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 na merikebu nne. Alipoviacha visiwa vya Cape Verde mwanzoni mwa Agosti hakuambaa na ufuo wa Afrika. Aliingia katikati ya bahari, akazunguka mbali upande wa magharibi kuutafuta upepo, na nchi kavu hakuiona tena mpaka tarehe 4 Novemba. Miezi mitatu ya maji matupu. Columbus, mwaka 1492, alikaa kiasi cha wiki tano tu bila kuona ardhi. Mzunguko ule wa Atlantiki ulikuwa kazi kubwa ya ubaharia, na hakuna mtu wa Malindi wala wa Calicut aliyewafundisha. Bartolomeu Dias naye alikuwa ameshaizunguka ncha ya kusini ya Afrika mwaka 1488. Anayesema Wazungu hawakufanya lolote asipoteze muda wake. Hapo wanayo ya kusimulia.

Lakini walipoipita Natal na kuanza kupanda juu, mambo yalibadilika. Januari 1498 waliingia mto wa Quelimane, katika Msumbiji ya leo. Wakubwa wawili wa nchi ile walikuja kuwatazama, mmoja amevaa kofia ya atlasi ya kijani, na hakuna zawadi ya Wareno iliyowababaisha. Walikuwa na kijana ambaye, kwa ishara, aliwaelewesha kwamba anatoka mbali na ameshawahi kuona merikebu kubwa kama zile. Wareno walifurahi sana. Walijua wamekwisha ingia katika bahari ya watu.

Mwezi Machi wakafika Kisiwa cha Msumbiji, na hapo ndipo penye maneno ambayo ningependa kila mwanafunzi wa Kenya na Tanzania ayasome. Mwenye daftari anaeleza vyombo alivyovikuta: vikubwa, vyenye sitaha, havina hata msumari mmoja, mbao zake zimeshonwa kwa kamba na matanga yake ni ya mikeka. Hao ni ndugu wa mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu. Kisha anasema mabaharia wake wana dira, wana vipimo vya kupimia urefu wa jua na nyota, na wana ramani za bahari. Ameandika hivyo kwa ufupi, kama mtu anayetaja jambo la kawaida, akaendelea na mengine. Bandarini mlikuwa na vyombo vinne vya Waarabu vyenye dhahabu, fedha, karafuu, pilipili manga, tangawizi na lulu. Sultani wa kisiwa alipoletewa kofia na marijani alizidharau, akaulizia nguo nyekundu. Hawakuwa nazo.

Kuanzia kisiwani hapo da Gama hakusafiri tena bila rubani wa huku. Alipewa wawili kwa malipo ya dhahabu, na hawakuelewana hata kidogo. Uhusiano na watu wa kisiwa uliharibika mpaka mizinga ikalia kwa sababu ya maji ya kunywa. Tarehe 1 Aprili rubani mmoja alichapwa viboko kwa madai kwamba alidanganya, akaviita visiwa kuwa ni bara. Wareno wakakipa kisiwa cha hapo jina la Kisiwa cha Aliyechapwa. Huyo ndiye "mwenyeji aliyewasaidia wavumbuzi" wa vitabuni. Aliandikwa kwenye ramani kwa mapigo aliyopigwa.

Sasa Mombasa. Tangu utotoni tumeambiwa Mombasa ilikuwa na hila na Malindi ilikuwa na ukarimu. Merikebu zilifika mbele ya Mombasa tarehe 7 Aprili. Siku tatu baadaye, wakati wa kuondoka pale zilipotia nanga, moja iliigonga nyingine, na katika vurugu hiyo marubani wa Msumbiji wakajitupa majini. Usiku ule da Gama aliwahoji Waislamu wawili waliobaki chomboni kwa kuwadondoshea mafuta ya moto mwilini. Wakasema upo mpango wa kuwakamata Wareno wakishaingia bandarini, ili kulipiza waliyoyafanya Msumbiji. Mateso yalipoanza mara ya pili, mmoja wao alijirusha baharini na mikono yake imefungwa. Wa pili naye akajirusha kabla ya asubuhi.

Yote hayo ameyaandika Mreno, bila kuona haya. Ni kweli pia kwamba usiku ule waogeleaji wa Mombasa walikuja kimya kimya kuzikata kamba za nanga, kwa hiyo sisemi hapakuwa na njama yoyote. Ninachosema ni kwamba habari ilikuwa imewatangulia. Mji uliokwisha sikia sauti ya mizinga ya Msumbiji ulikuwa na kila sababu ya kujihami. Ukiita hiyo hiana, tafuta na jina la mafuta ya moto.

Tarehe 14 Aprili, wakielekea kaskazini, waliteka chombo kilichokuwa na watu 17, dhahabu, fedha, na mzee mmoja wa heshima pamoja na mkewe kijana. Jioni wakatia nanga mbele ya Malindi. Hakuna aliyewajia. Watu wa Malindi walijua kwamba chombo kimetekwa, na walijua kina nani wamekiteka. Ilibidi da Gama amshushe yule mzee kwenye fungu la mchanga mbele ya mji ili achukuliwe na kufikisha ujumbe kwa mfalme wao. Kwa hiyo hata mlango wa Malindi ulibishwa hodi na mateka.

Siku ya Jumatano, tarehe 18, mfalme wa Malindi alitoka mwenyewe kwa mashua. Alivaa joho la damaski lenye bitana ya atlasi ya kijani na kilemba cha thamani, ameketi juu ya viti viwili vya shaba vyenye mito, amefunikwa mwavuli wa atlasi nyekundu. Ubavuni pake mzee mmoja ameshika upanga mfupi wenye ala ya fedha. Na walikuwepo wapiga ala, pamoja na baragumu mbili za pembe za ndovu, zimechongwa kwa ustadi mkubwa, ndefu kama mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni. Mtu wa Lamu au wa Pate hahitaji kuelezwa. Hizo ni siwa, na nikisoma mistari ile husisimka, kwa sababu Mreno yule hakujua anachokiona lakini alikieleza sawasawa, mpaka lile tundu. Siwa ya pembe ya Pate, ambayo ni ya baadaye kidogo, imehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu. Mwenye shaka asimame mbele yake na daftari mkononi.

Siwa haipulizwi ovyo. Mfalme alikuwa akifanya siasa. Malindi na Mombasa zilikuwa na uhasama wa muda mrefu, na Mombasa ndiyo iliyokuwa na nguvu. Wamekuja wageni wenye mizinga ambao wameshakosana na Mombasa: mtawala yeyote mwenye akili angewakaribisha. Huo ukarimu tunaousifu ulikuwa hesabu ya dola, na hesabu hiyo ililipa. Wareno walipoishinda Mombasa na kuanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, waliyemkalisha Mombasa kuwa sultani alikuwa mtawala wa Malindi. Miaka karibu mia moja, lakini ililipa.

Da Gama aliwaachia huru mateka wake siku hiyo, na mfalme alifurahi. Alipoombwa ashuke mjini alikataa, akisema bwana wake amemkataza. Zikafuata siku za ngoma, michezo ya farasi na milio ya mizinga. Merikebu zilikaa siku tisa mbele ya mji ule wa nyumba ndefu zilizopakwa chokaa, na siku zote hizo da Gama alikuwa akisubiri kitu kimoja tu, nacho hakikuletwa.

Jumapili ya tarehe 22 Aprili mashua ya mfalme ilileta mtu wake wa karibu. Kwa kuwa siku mbili zilikuwa zimepita bila mgeni, da Gama alimkamata mtu yule, akapeleka salamu kwa mfalme: nataka marubani nilioahidiwa. Mfalme alipozipata salamu akamtuma rubani, na da Gama akamwachia mateka. Ndivyo rubani wa Malindi alivyopatikana. Zile siwa na ile miavuli hazikutosha. Palihitajika mtu kuzuiliwa chomboni. Sijui kwa nini kipande hiki huachwa kila mara hadithi inaposimuliwa, na walioiacha ni Wareno wenye fahari na sisi wenye fahari vile vile.

Basi alikuwa nani? Mwenye daftari anamwita Mkristo. Neno hilo lisikupeleke mbali. Wareno walikuwa wakiwatafuta Wakristo wa Mashariki kwa hamu kubwa kiasi kwamba kila asiye Mwislamu walimdhania Mkristo. Malindi walikuta vyombo vinne vya Wahindi, wanaume wenye ndevu na nywele ndefu za kusuka, wasiokula nyama ya ng'ombe, nao wakawaita Wakristo. Calicut waliingia katika hekalu la Kihindu wakadhani ni kanisa, na daftari linataja kwa utulivu kabisa picha za "watakatifu" ukutani wenye meno yaliyotokeza na mikono minne au mitano.

Wanahistoria wa Kireno walioandika katikati ya karne ya 16, Castanheda na Barros, hawasemi Mkristo tena. Wanasema Mgujarati, mtu wa Gujarat, kaskazini-magharibi ya India. Barros anamtaja kuwa ni Mwislamu wa Gujarat aitwaye Malemo Cana. Castanheda ana Canaca. Sehemu ya kwanza, Malemo, ni cheo tu, mwalimu wa chombo, kama manahodha wetu walivyowaita wajuzi wa nyota mpaka juzi juzi. Watafiti wengi wanaona hata sehemu ya pili ni cheo, kutoka neno la Kihindi la mpiga hesabu na mjuzi wa nyota. Ikiwa ni hivyo, basi alichoachiwa na historia ni kazi yake, mara mbili.

Mgujarati Malindi si jambo la kushangaza. Nguo za pamba na shanga za Kambaya, bandari ya Gujarat, ndizo zilizokuwa zikinunua dhahabu na pembe mwambao wote huu. Na huku kwetu pia watu walisafiri: Mreno Tomé Pires, aliyekuwa Malaka miaka ya 1510, aliwataja watu wa Kilwa na Malindi miongoni mwa wafanyabiashara wa bandari ile ya mbali. Bahari ilikuwa na ujirani wake kabla ya mtu yeyote "kuigundua".

Barros anasimulia jambo moja ambalo, hata kama aliliandika zaidi ya miaka 50 baada ya tukio, nalipenda mno. Anasema rubani alimwonyesha da Gama ramani ya pwani yote ya India, iliyopigwa mistari ya urefu na upana katika viraba vidogo vidogo. Da Gama naye akamtolea kipimo chake cha nyota, kikubwa, cha mbao, na vingine vya metali. Rubani hakustaajabu. Alieleza kwamba marubani wa Bahari ya Shamu wana vyao vya shaba, ila yeye na wenzake wa Kambaya hutumia kifaa kingine, akakionyesha: vibao vitatu. Mabaharia wa bahari hii walikijua vizuri kifaa cha aina hiyo, kibao chenye uzi wa mafundo. Unauma uzi kwa meno, unakinyoosha kibao mbele mpaka chini kiguse upeo wa bahari na juu kiguse nyota, kisha unahesabu fundo. Kila bandari ina fundo lake. Ukitaka Calicut, unashuka au kupanda mpaka nyota ikae kwenye fundo la Calicut, halafu unakwenda moja kwa moja.

Wakang'oa nanga Jumanne tarehe 24 Aprili. Siku chache baadaye wakaiona tena nyota ya kaskazini, waliyokuwa hawajaiona muda mrefu. Siku 23 hawakuona nchi. Tarehe 18 Mei milima ya India ikatokea, na tarehe 20 walikuwa karibu na Calicut. Huko mtu wao wa kwanza kushuka alikutana na Waislamu wawili wa Tunis wanaojua Kihispania, wakamlaki kwa laana na swali: shetani akuchukue, nini kimekuleta huku? Akajibu, tumekuja kutafuta Wakristo na viungo. Yaani mwisho wa bahari "isiyojulikana" kulikuwa na mtu wa Tunis.

Hapo ndipo Ahmad bin Majid anapoingizwa, na hapo ndipo nagombana na watu wangu.

Bin Majid ni mtu wa kweli na mkubwa kweli. Alizaliwa Julfar, eneo la Ras al-Khaimah ya leo, katika ukoo wa marubani. Baba yake na babu yake walikuwa wajuzi wa Bahari ya Shamu. Kitabu chake kikuu cha elimu ya bahari alikikamilisha kwenye mwaka 1490, na aliandika mashairi mengi ya kuelekeza safari, moja likieleza njia kutoka India mpaka Sofala, likipita pwani yetu na visiwa vyake. Katika maandishi yake yote hakuna mahali anaposema alimwongoza Mreno. Zipo beti chache zinazowataja Wareno katika shairi la Sofala, na baadhi ya wachambuzi wanaona zilipachikwa baadaye. Lakini hata hizo hazisemi yeye ndiye aliyewaleta.

Habari ya kumhusisha ilitoka kwa Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka, katika kitabu cha Waturuki kuiteka Yemen, alichokiandika zaidi ya miaka 70 baada ya safari. Yeye ndiye aliyesema kwamba baharia hodari aitwaye Ahmad bin Majid alifanya urafiki na mkubwa wa Wafaranji, yaani Wazungu, akalewa naye, na katika ulevi akamwonyesha njia. Alikuwa akitafuta sababu ya msiba uliowapata Waislamu baharini, na ulevi wa mtu mmoja ni sababu nyepesi kushika. Katika miaka ya 1920 Mfaransa Gabriel Ferrand akaiunganisha habari hiyo na rubani wa Malindi, na kutoka kwake ikaenea katika vitabu vya dunia nzima kana kwamba imethibitishwa. Baadaye G. R. Tibbetts, aliyevitafsiri vitabu vya Bin Majid, aliitilia shaka. Sheikh Sultan bin Muhammad al-Qasimi, mtawala wa Sharjah, aliandika kumtetea na kumwondolea tuhuma.

Tazama yanayogongana. Daftari la mtu aliyekuwepo linasema Mkristo. Wanahistoria wa Kireno wanasema Mgujarati. Bin Majid hakuwa Mkristo, hakuwa Mgujarati, na kwa makadirio ya wengi alikuwa na umri wa miaka 60 na zaidi, bingwa anayejulikana bahari nzima kwa jina lake. Angekuwa yeye, Wareno wangejivunia. Wasingemwacha na cheo kitupu. Na kisa cha ulevi hakina nafasi: rubani alipatikana kwa kumzuia mtu wa mfalme, na kikombe cha mvinyo hakihusiki.

Huko Kutch, Gujarat, nao wana wao, baharia aitwaye Kanji Malam, na wanamtetea kwa moyo kama sisi tunavyomtetea Bin Majid. Kila bandari inamtaka awe wake. Naielewa hamu hiyo. Tumesoma historia ambayo sisi tumo kama mandhari, minazi na wapagazi, na ukipata nafasi ya kumweka bingwa wa Kiislamu mwenye vitabu juu ya sitaha ya da Gama, mkono unakuwasha. Ila ukishampachika, unakuwa umewasadiki wale wale waliotufundisha kwamba safari kubwa lazima iwe na mtu mkubwa. Elimu ya kuvuka kwenda India haikuwa siri ya bingwa mmoja. Ilikuwa kazi ya mjini, kazi ya mtu aliyekuwepo bandarini mwezi wa Aprili akingoja chombo.

Na hadithi zetu nyingine zinastahili jicho hilo hilo. Twiga wa Malindi kupelekwa China mwaka 1415 ni kweli, na majeshi ya merikebu ya Zheng He yalifika Malindi; lakini wanaosema Wachina hao waliendelea mpaka Marekani hawana ushahidi wa kushikika. Kwamba miji yetu iliishi kwa amani tupu mpaka Mreno alipokuja si kweli; Malindi na Mombasa zilikuwa zikichukiana kabla hajaonekana, na watumwa waliuzwa. Na kwamba da Gama ndiye aliyeipora Kilwa na kuichoma Mombasa, si yeye: ni Francisco de Almeida, Julai na Agosti 1505. Ukatili wa da Gama mwenyewe unatosha, haumhitaji mwenzake.

Thamani ya yule rubani naipima kwa safari ya kurudi. Walikosana na mtawala wa Calicut, ambaye maofisa wake walizicheka zawadi zao, mabeseni, kofia, asali na mafuta, wakisema mfanyabiashara fukara wa Makka huleta zaidi. Wakaondoka kwa pupa, na tarehe 5 Oktoba 1498 wakaiacha pwani ya India. Niliwahi kumsomea tarehe hiyo mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, nahodha aliyekwenda Bara Hindi na Ghuba kwa jahazi enzi za ujana wake. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza. "Mwezi wa kumi hutoki Hindi ukaja huku, mwanangu. Kusi imekufa na kaskazi haijashika. Wangoja. Watu hungoja miezi, na huko ndiko kuoa na kuzaa kwao."

Wao hawakungoja. Bahari ikalala, kisha upepo ukawajia usoni. Kile walichokivuka kwa siku 23 wakiwa na rubani mwanzoni mwa kusi, sasa kiliwachukua miezi mitatu kasoro siku tatu. Kiseyeye kikawavaa, fizi zikavimba mpaka zikafunika meno, miguu ikajaa. Walikufa 30, wengine kama hao walikuwa wameshakufa awali, na katika kila merikebu walibaki watu saba au wanane wenye nguvu ya kufanya kazi. Tarehe 2 Januari 1499 wakaiona Mogadishu, na tarehe 7 wakatia nanga Malindi, ambako wagonjwa waliomba machungwa na mfalme akawapelekea. Watu wa kuziendesha merikebu zote hawakuwapo tena. Mwezi huo huo, mbele ya Mtangata karibu na Tanga, waliichoma moto São Rafael, moja ya merikebu zao, na kuwagawa watu waliobaki katika vyombo vilivyosalia.

Somo walilipata. Pedro Álvares Cabral alipotumwa na msafara uliofuata, hakujaribu kuivuka bahari kwa ujuzi wake. Agosti 1500 alitia nanga Malindi akaomba rubani. Akapewa Mgujarati, na tarehe 13 Septemba alikuwa Calicut.